Kabla hujamwona mama yake

Arusha, 9 Mei

Rafiki yangu mpendwa Baba Neema,

Salamu nyingi baada ya kimya kirefu, ambacho kosa lake ni langu. Sisi hapa ni wazima, mvua bado zinanyesha, na Mama anakusalimu. Juzi shemeji alimwambia mke wangu kwa simu kwamba mmepata mtoto wa mbwa aina ya German Shepherd huko Dar es Salaam, na kwamba muuzaji anataka mtume kwanza nusu ya bei ili ampakie kwenye basi la kuja Dodoma. Tangu hapo sijatulia. Nakuomba, usitume fedha hizo kabla hujamwona mama yake.

Unajua kwamba tuliwahi kukaa na mbwa siku sita tu, ila sikukusimulia yaliyotokea, kwa sababu watoto walilia kila jina lake lilipotajwa. Tulimnunua barabarani, akatolewa kwenye buti la gari ndani ya boksi la sabuni. Muuzaji alisema mama yake yuko shamba, mbali, akatupa kadi ya chanjo iliyojaa mihuri. Siku ya tatu aliacha kula, ya nne akaanza kutapika na kuharisha damu. Daktari wa mifugo alimfungua mdomo, akatazama meno ya mbele yaliyokuwa ndiyo kwanza yanachomoza, kisha akaisoma kadi, akanyamaza kwa muda. Mtoto yule alikuwa na umri wa wiki tano hivi, na kadi ilidai kwamba amekwisha kuchanjwa kichaa cha mbwa, chanjo ambayo kwa kawaida hutolewa akifikisha wiki 12. Ilikuwa pavo, ugonjwa wa virusi unaoua sana watoto wa mbwa. Alifia jikoni, juu ya kanga ya mke wangu.

Nilipopata moyo wa kutafuta tena, Mwalimu alinielekeza kwa mama mmoja anayefuga mbwa upande wa Usa River. Alinihoji yeye kabla sijamhoji: nani anashinda nyumbani, mbwa atalala wapi, yule wa kwanza alikufa kwa nini. Nilipotaja pavo, alisema virusi vyake hukaa udongoni miezi mingi, na kwamba ingawa wengine huwaachia watoto wao kuanzia wiki ya nane, mimi hatanipa mpaka chanjo zote zikamilike, yaani wiki ya 16. Alinionyesha picha za eksirei za nyonga za baba na mama, kwa kuwa ubovu wa nyonga hurithiwa sana katika aina hii, na mtoto anayekimbia vizuri leo anaweza kushindwa kuinuka akishakua. Mama mbwa mwenyewe alitoka bandani, akaninusa mkono, akajilaza ubavu, na watoto wakaanza kunyonya mbele yangu. Hapo ndipo nilipoelewa kile nilichonyimwa mara ya kwanza. Tuliandikiana pia kwamba tukishindwa kumtunza tutamrudisha kwake, si kumgawa ovyo.

Najua Dar es Salaam ni mbali, lakini siku hizi treni ya SGR inakupeleka na kukurudisha siku hiyohiyo. Kama muuzaji ni mkweli, hatakasirika ukimwambia unakuja. Akikasirika, basi...

Je, amekuambia mtoto ana wiki ngapi? Mama yake anaonekana katika picha hata moja? Kadi ina stika za chupa za chanjo na sahihi ya daktari, au ni mihuri mitupu? Na yule mbwa wa jirani aliyekuwa akishinda uani kwenu, aliyekufa mwaka jana, mliwahi kujua alikufa kwa ugonjwa gani? Fedha umekwisha kuzituma? Kama bado, nipigie leo, hata iwe usiku.

Wasalimie shemeji na watoto.

Ni mimi rafiki yako,
Baba Imani