Filamu za mwezi ujao: someni mpaka mwisho

Habari za jioni wapendwa. Ratiba ya ukumbi wetu wa sinema imetoka, na safari hii wametuwekea za zamani.

Ijumaa ya kwanza ni La Noire de... ya Ousmane Sembène, ya mwaka 1966. Ni fupi, kama saa moja tu. Inamfuata msichana wa Senegal anayepelekwa Ufaransa akidhani ataangalia watoto, kumbe anageuzwa mpishi na mfagiaji asiyetoka nje. Msidanganywe na ufupi wake, ni nzito. Ninyi mnaokimbilia mlangoni majina yakianza kupanda, siku hiyo kaeni kidogo tuijadili.

Ijumaa ya pili, Seven Samurai ya Akira Kurosawa, 1954. Hii inakaribia saa tatu na nusu, ina mapumziko katikati, kwa hiyo tunaanza mapema. Wanakijiji wanatafuta wapiganaji wa kuwalinda na majambazi, na ujira wenyewe ni wali tu! Ni ya Kijapani yenye maandishi chini, wenye miwani msiisahau. Atakayechelewa asiombe kusimuliwa.

Ya mwisho ni Modern Times ya Chaplin, 1936. Waleteni watoto. Mazungumzo ni machache mno, hata wasiojua kusoma watacheka.

Anayekuja aandike jina na idadi ya watu wake hapa kabla ya Jumatano, nikaombe viti vya pamoja. Wa kutuma dole gumba tu, simhesabu.