Ukuta Unaojibu

Swahiba wangu,

Salamu nyingi. Mchoro wa ukuta wako, ule wa kumjibu mtu anayeugusa, umenifikia na nimeukodolea macho hadi giza likaingia. Mkono wako haujachuja. Ila taa, sauti, kamera, na tena mtu atume ujumbe kwa simu? Punguza, tafadhali.

Nikusimulie yaliyonipata. Ndege wa ukuta wangu niliwachora kwa rangi nyeusi ya kaboni, ile inayopitisha umeme. Kila ndege ana waya wake uliopenya ukutani hadi kwenye kibao cha saketi upande wa pili. Kibao hupima chaji ya rangi muda wote. Mtu akiweka kiganja, mwili wake uliojaa maji na chumvi hubadilisha kipimo, na ndege analia. Siku ya kwanza mambo yalikuwa safi. Usiku wa tatu mvua ikanyesha, plasta ikanywa maji, vipimo vikavurugika, na ndege wote wakalia kwa pamoja saa nane za usiku. Asubuhi majirani walinijia, wala si kwa kunipongeza.

Kwa hiyo ukuta ukauke kabisa kwanza, upake rangi ya chini inayozuia maji, na ile nyeusi uifunike kwa vanishi. Usihofu, mkono husikika hata kupitia vanishi. Programu nayo ijipime upya kila mara. Kipimo cha asubuhi hakifai jioni.

Kosa la pili lilikuwa langu tupu. Niliweka sekunde mbili kati ya mguso na mlio, eti watu wapate hamu. Mzee mmoja akagusa, akangoja, akajipangusa vumbi kiganjani, akaenda zake. Ndege akamlilia mgongoni! Mimi nimesimama ng'ambo ya barabara, natamani ardhi inimeze. Niliziondoa jioni ileile.

Ndiyo maana nampenda sana msanii Daniel Rozin. Mwaka 1999 alitengeneza kioo cha mbao chenye vipande 830, kila kimoja na mota yake. Kamera inakuona, vipande vinainama au kuinuka mbele ya mwanga, na sura yako inatokea kwenye mbao. Basi, hakuna kingine. Lakini jibu linakuja papo hapo, na hata mtoto anaelewa bila kusomewa maelekezo.

Wala si lazima umeme. Mwaka 2011 huko New Orleans, Marekani, msanii Candy Chang aligeuza ubavu wa nyumba iliyotelekezwa kuwa ubao mweusi, akaandika mwanzo wa sentensi, "Kabla sijafa nataka…", akaacha chaki. Kesho yake ubao ulikuwa umejaa. Nimeshapigana na nyaya mwaka mzima, na bado namwonea wivu kwa ile chaki.

Sasa niambie mambo mawili kabla hujanunua chochote. Umeme ukikatika, huo mchoro utabaki unatazamika? Na ukuta unaelekea wapi? Nimeona umepanga rangi inayogeuka kwa joto la mkono. Jua likiupiga mchana kutwa, rangi hiyo itakuwa imekwisha kugeuka kabla mtu hajafika, na baada ya muda itapauka isigeuke tena. Kama ni upande wa kivulini, nakuja na ngazi yangu.

Wako wa siku zote