Tuchangie nauli ya shahidi kama tunavyochangia sanda

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wakazi wenzangu wa mialo ya Mwanza, yaani fukwe za kushushia samaki, kuhusu jambo ambalo tumezoea kuliachia Serikali na mashirika, ilhali sehemu yake kubwa imo ndani ya uwezo wetu: kumsindikiza manusura wa ukatili wa kijinsia tangu siku anayotoka nyumbani kwenda kutoa taarifa hadi siku hukumu inaposomwa.

Mimi ni mfanyabiashara wa dagaa katika mwalo mmoja wilayani Ilemela, na kwa miaka kadhaa nimekuwa mweka hazina wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Daftari la mfuko wa jamii ninalitunza mimi. Desemba iliyopita, nilipokuwa nalipitia ili tufunge mzunguko wa mwaka na kugawana akiba, niliona kwamba ndani ya mwaka tulichanga mara kumi na moja: misiba saba, harusi mbili, mtoto mmoja aliyelazwa na paa moja lililoezuliwa na upepo wa ziwani. Hapakuwa na hata mstari mmoja ulioandikwa kwa ajili ya mwenzetu ambaye sote tulijua kwamba alikuwa na kesi.

Nitamweleza bila kumtaja, kwa ridhaa yake. Yeye ni mwanikaji. Asubuhi moja ya siku za giza, siku zisizo na mbalamwezi ambazo mitumbwi ya karabai hurudi imejaa na kila mtu hukimbilia kupata mahali pa kuanika, alifika mchangani akiwa amejifunga khanga kuanzia kidevuni hadi utosini kama mtu anayeumwa jino. Alimwaga dagaa wake, akawatandaza kwa mkono mmoja, kwa sababu ule wa pili ulikuwa hauinuki. Tulimwona sote, na mmoja wetu akampa pole ya jino. Aliitikia, akaendelea kutandaza.

Siku hiyohiyo jioni alikwenda kwa balozi wa nyumba kumi, ambaye alimshauri arudi akazungumze na mumewe mbele ya wazee. Hakurudi. Alikwenda polisi, akapewa PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, akatibiwa, fomu ikajazwa, na kesi ikafunguliwa. Aliitwa mahakamani mara nne. Mara mbili za kwanza shauri liliahirishwa, naye alilijua hilo baada ya kupanda bodaboda na daladala na kupoteza siku nzima ya kuanika. Mara ya tatu alikuta ndugu wa mume wamejaza benchi kutoka ukuta hadi ukuta, akakaa peke yake karibu na mlango. Mara ya nne hakwenda, na haikuchukua muda mrefu mshtakiwa akaachiwa kwa kukosekana shahidi. Baadaye tuligundua kwamba ndugu wale walikuwa wamechangishana nauli. Naandika hili kwa aibu, kwa maana wao daftari lao lilikuwa na mstari.

Wapo watakaosema kwamba tatizo ni sheria. Sheria zina upungufu wake, lakini kwa kesi kama hii zinajitosheleza. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 66, inatamka wazi kwamba hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumpa mwenzake adhabu ya viboko. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 iliweka adhabu nzito kwa ubakaji, na kwa mtu mzima anayepatikana na hatia kifungo hakipungui miaka 30. Vituo vya polisi vina Madawati ya Jinsia na Watoto. Mpango wa Taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, tuliouzoea kwa jina la MTAKUWWA, ulioanza mwaka 2017/18, ulielekeza ziundwe kamati za ulinzi wa wanawake na watoto hadi ngazi ya kijiji na mtaa, na katika mwaka huohuo wa 2017 ikapitishwa Sheria ya Msaada wa Kisheria, inayowatambua wasaidizi wa kisheria wanaomhudumia mtu asiye na uwezo wa kulipa wakili. Ngazi zote hizo zipo, ila manusura anazipanda peke yake, na kila ngazi ina nauli yake.

Ni kweli pia kwamba takwimu zimepungua. Utafiti wa Taifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2015/16 ulionyesha kwamba asilimia 40 ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamewahi kupigwa au kufanyiwa ukatili mwingine wa kimwili tangu walipofikisha miaka 15, na ule wa mwaka 2022 ukaonyesha asilimia 27. Nafurahia tofauti hiyo, ingawa mimi, ninayekaa mwaloni, ningependa kujua ni wangapi wamejifunza tu kujibu kwamba wanaumwa jino.

Nimesema nauli, na naona baadhi ya wasomaji watalidharau neno hilo, kwa hiyo nieleze uzito wake. Kesi za aina hii mara nyingi hazina shahidi mwingine, kwa kuwa mambo yametendeka chumbani, vichakani au ndani ya mtumbwi. Katika makosa ya kujamiiana, Sheria yetu ya Ushahidi inairuhusu mahakama kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa manusura peke yake, mradi mahakama iridhike kwamba anasema kweli, na Mahakama ya Rufani imerudia kueleza kwamba ushahidi bora wa ubakaji ni ule unaotoka kwa aliyebakwa mwenyewe. Hiyo ni nguvu kubwa aliyopewa mwanamke ambaye zamani aliulizwa nani alimwona. Lakini nguvu hiyo yote imo katika miguu yake: akishindwa kufika, hakuna kilichobaki kwenye jalada isipokuwa karatasi. Ndiyo maana upande wa pili haujisumbui kutafuta utetezi. Unasubiri achoke.

Kuna na saa za mwanzo, ambazo kwetu ziwani ni ngumu kuliko mjini. Aliyebakwa anapaswa kupata dawa za kumkinga na maambukizi ya virusi vya UKIMWI ndani ya saa 72, na kila saa inayotangulia ina faida. Kwa mtu wa Nyamagana siku tatu ni muda mrefu. Kwa mtu wa kisiwa kidogo wilayani Ukerewe, anayesubiri ziwa litulie na mwenye mtumbwi akubali kuwasha injini kwa petroli ambayo hajui nani atailipa, siku tatu zinakwisha akiwa bado anatazama mawimbi. Na sisi majirani, kwa huruma yetu, humharibia zaidi, kwa sababu neno la kwanza tunalomwambia ni "pole mwanangu, nenda kaoge upumzike," kisha mmoja wetu anachukua nguo zake na kuzifua kwa nia njema kabisa. Asioge kabla ya kuonwa na mganga wa hospitali, na nguo zile zifungwe kama zilivyo kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki, maana plastiki hutunza unyevu na kuuharibu ushahidi. Jambo hili lingeweza kufundishwa mwaloni kwa dakika tano, wakati dagaa wanakauka.

Kuhusu kumaliza mambo kinyumbani sitasema mengi. Wazee wetu wana nafasi yao katika kusuluhisha mipaka ya shamba na mahari, ila ubakaji na kujeruhi ni jinai, na ng'ombe wawili wanaopokelewa na baba wa binti hawaifuti jinai hiyo. Binti akiwa chini ya miaka 18, hata hoja kwamba alikubali haina mahali pa kusimama. Anayeitisha kikao cha aina hiyo anawalinda wenye aibu, na binti anabaki kama alivyokuwa.

Jambo linalonishangaza ni kwamba sisi watu wa Usukumani hatujawahi kushindwa kukusanyika. Mwano, ule ukelele wa kuitana, ukipigwa usiku kwa sababu ya ng'ombe aliyeibwa, wanaume hutoka hata na mvua. Anayefiwa hakai peke yake hata usiku mmoja. Sitaki tumtokee mtuhumiwa kwa marungu, na nawaomba vijana wasinielewe hivyo, kwani akipigwa na umati kesi inageuka na manusura ndiye anayelaumiwa. Ninachotaka ni ule utaratibu wa msibani: wenye nafasi wakae na mfiwa, mwenye chombo atoe chombo, na anayejua kuandika ashike daftari.

Wala si mawazo ya mtu mmoja wa mwaloni. Shirika la Kivulini, lililoanzishwa hapa Mwanza mwaka 1999, limekuwa likisema kwa miaka mingi kwamba ukatili wa majumbani ni jambo la jamii nzima. Watafiti wa taasisi yetu ya utafiti wa magonjwa hapa Mwanza, pamoja na wenzao wa London, walifanya kazi na wanawake wa vikundi vya mikopo, wakawapa vipindi kumi vya mazungumzo kuhusu mahusiano na ukatili, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kwamba waliohudhuria walikuwa na uwezekano mdogo zaidi wa kupigwa na wenzi wao kuliko wale ambao hawakupata vipindi hivyo. Nilipoelezwa habari hiyo nilijiuliza ni kitu gani walichonacho wao ambacho sisi hatuna. Tuna kikundi, tuna siku ya kukutana, na mazungumzo hayatugharimu kitu.

Januari tulifungua katiba yetu. Kifungu cha mfuko wa jamii kilitaja msiba, ugonjwa, harusi na maafa, nasi tukaongeza neno moja: kesi. Tupo wanachama 28, na kila kikao cha wiki kila mmoja huweka shilingi 500 katika mfuko huo maalumu. Fedha hizo hulipa nauli ya watu wawili, kamwe si mmoja, pamoja na chakula cha mchana. Anayekwenda mahakamani dagaa wake huanikwa na waliobaki. Katika daftari sijaandika jina la mtu, naandika "safari," kwa kuwa daftari hupita mikononi mwa wengi na wapo wenye waume wanaosoma. Tulibishana sana kuhusu sharti moja: itakuwaje tukimchangia mtu, kisha akarudi kwa mume? Wengine walitaka arejeshe. Nilipinga, na bado napinga. Tukimchangia mfiwa hatumwambii arejeshe akiacha kulia. Atakayerudi leo huenda akatoka tena kesho, na akitoka anahitaji kukuta mlango haujafungwa kwa deni. Uamuzi wa kushtaki, kuendelea au kusubiri tumeuacha kwake mwenyewe.

Nina maombi mawili, Mhariri. La kwanza ni kwa viongozi wa mitaa na vijiji vya mwambao: bandikeni ubaoni majina ya wajumbe wa kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto, pamoja na namba ya simu ya mmoja wao, kwa sababu nimeuliza katika mitaa mitatu na mahali pote nimeambiwa kamati ipo, lakini hakuna aliyeweza kunionyesha mjumbe. La pili ni kwa wanaopanga tarehe za mashauri: ikijulikana mapema kwamba hakimu hatakaa, shahidi apigiwe simu au atumiwe ujumbe siku moja kabla. Kwa aliyeko mjini ni usumbufu mdogo. Kwa anayetoka kisiwani ni usiku mmoja wa kulala kwa watu na siku mbili za kazi.

Mwezi ujao mmoja wetu ana tarehe. Tumekubaliana kwenda wanne, tutangulie asubuhi, tukae benchi la mbele kabla halijajaa.

Mweka hazina wa kikundi cha wauza dagaa,
Ilemela, Mwanza