Namba ya kwenye kasha haiui panya

Mhariri,

Naomba nafasi nisahihishe jambo moja katika makala yenu kuhusu bunduki za upepo za kuwindia na kuulia wanyama waharibifu. Mnunuzi aliambiwa atazame mwendo ulioandikwa kwenye kasha, na kwamba mwendo ukiwa mkubwa, nguvu nayo ni kubwa. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Namba hiyo imewekwa pale kwa kujitembeza.

Mara nyingi mwendo huo hupimwa kwa risasi nyepesi mno za aloi, ambazo mwindaji hana kazi nazo. Nguvu hupimwa kwa juli, na hesabu yake haihitaji mtaalamu: chukua mwendo kwa mita kwa sekunde, uuzidishe kwa wenyewe, zidisha kwa uzito wa risasi kwa gramu, kisha gawanya kwa 2,000. Risasi ya aloi ya gramu 0.33 ikitoka kwa mita 380 inatoa juli 23.8. Ya madini ya risasi, gramu 0.68, ikitoka kwa mita 260 inatoa juli 23. Nguvu ni karibu ileile, ingawa kasha la kwanza linapiga kelele zaidi. Tena ile nyepesi hupoteza mwendo upesi hewani, kwa hiyo ikifika mita 30 imeshachoka, wakati nzito bado ina kishindo.

Kuna ubaya mwingine. Sauti husafiri mita 343 hivi kwa sekunde hewa ikiwa nyuzi 20. Risasi ya bunduki ya upepo yenye kiuno chembamba na sketi nyuma haikuumbwa kwa mwendo huo. Ikikaribia mwendo wa sauti huyumba, na shabaha inatawanyika. Mwendo mzuri ni kati ya mita 240 na 290. Ukitaka nguvu zaidi, ongeza uzito wa risasi, usiongeze mwendo.

Hapo ndipo kaliba, yaani upana wa tundu la mtutu, inapoingia. Milimita 4.5 hunyooka vizuri njiani na inatosha panya na ndege wadogo. Milimita 5.5 ndiyo ya kazi nyingi: risasi ya gramu 1.03 kwa mita 275 ni karibu juli 39, nayo inamtosha sungura kwa nafasi. Milimita 6.35, gramu 1.65 kwa mita 270, inafika juli 60, lakini inunue tu kama bunduki yenyewe ni ya hewa iliyojazwa, yaani yenye mtungi wa hewa ya presha. Kaliba hiyo kwenye bunduki ya springi, ambayo springi husukuma pistoni inayobana hewa, huenda polepole na kushuka haraka, hata kukosea umbali kwa mita tano tu kunakukosesha windo. Na juli 60 zisimdanganye mtu akamfuata nguruwe mwitu.

Nguvu ikizidi pia ni kosa. Ndani ya ghala, bunduki ya juli 40 hupita panya, ikatoboa bati na kwenda ilikoenda. Kwa kazi ya ndani juli 12 hadi 16 zinatosha, au tafuta bunduki yenye kirekebishi cha nguvu.

Sasa springi au hewa iliyojazwa? Ya springi inajitosheleza: unaukunja mtutu chini, unatia risasi, unapiga. Kasoro yake ni mtikisiko wa pande mbili. Pistoni ikiruka mbele, bunduki hurudi nyuma. Pistoni ikigota kwenye mto wa hewa, bunduki husukumwa mbele. Huo msukumo wa pili ndio unaoua darubini zilizotengenezwa kwa bunduki za baruti, kwa sababu zile huzoea kurudi nyuma tu. Nunua darubini iliyoandikwa kwamba ni ya bunduki ya upepo, na ukubali kwamba skrubu za kitako zitalegea; zikague kila baada ya risasi mia moja hivi. Ishike kwa ulegevu, mkono wa mbele uwe mahali palepale kila mara. Anayeikamata kwa nguvu ataona risasi zinasambaa na kulaumu mtutu.

Usifyatue bila risasi ndani, maana pistoni itagonga chuma kwa kukosa mto wa hewa na kuharibu sili au springi. Wakati wa kutia risasi, mkono mmoja ushike mtutu usiuache kabisa. Kifyatulio kikiguswa mtutu ukiwa wazi, unajifunga kwa nguvu zote za springi, na kidole kilicho katikati hakiponi.

Ya hewa iliyojazwa haitikisiki, na ndiyo inayofaa kwa nguvu kubwa. Gharama yake iko kwenye ujazaji, na wengi hulijua hilo wakishalipa. Mtungi wa mililita 200 ukipanda kutoka bari 130 hadi 200 (bari ni kipimo cha presha) unameza takriban lita 14 za hewa ya kawaida. Kwa pampu ya mkono hesabu makumi mengi ya misukumo, wala si ishirini tu. (Afadhali zama hizi: bunduki ya Girandoni ya jeshi la Austria, miaka ya 1780, ilidai misukumo elfu moja na zaidi kwa mtungi mmoja.) Pampu polepole, pumzika kila baada ya misukumo hamsini hivi, na fungua kitoa maji. Pampu ikipata moto, unyevu unaingia mtungini, na kutu ya ndani huionekani hadi vali ianze kuvuja.

Mambo mawili hayana mjadala. Usijaze oksijeni kamwe, hata kama mtungi wa hospitali uko karibu na una presha ya kutosha. Ikikutana na mafuta hulipuka. Na usitie grisi ya gari wala mafuta ya cherehani penye presha. Tumia grisi ya silikoni tu kwenye oringi, zile pete za mpira zinazozuia hewa kuvuja.

Kabla ya kukubali bunduki ya namna hii, ijaze, andika geji inasoma ngapi, iache usiku kucha mahali pasipobadilika joto, usome tena. Geji ikishuka, kuna uvujaji. Uliza pia kama ina kidhibiti presha. Isiyo nacho hutoa risasi za kwanza na za mwisho kwa mwendo tofauti na zile za katikati, na hapo ni lazima ujue ni bari ngapi hadi ngapi inapopiga mahali pamoja. Yenye magazini ina mtego wake: ukivuta boliti mara mbili bila kufyatua, risasi mbili zinakaa mtutuni. Ukiwa na shaka, usivute mara ya tatu.

Darubini nyingi za bunduki za baruti zimerekebishwa kwa takriban mita 91. Wewe unapiga kwa mita 10 hadi 45. Tafuta inayorekebishika kuanzia mita 10, la sivyo picha ni ukungu, na jicho likihama kidogo alama nayo inahama.

Risasi nunua makopo matatu au manne ya aina tofauti, zenye kichwa cha mviringo. Zenye ncha zinavutia macho ya mnunuzi kuliko zinavyolenga. Kagua sketi moja moja, iliyobonyea tupa. Ukibadilisha aina, piga kumi hivi za kuzoeza mtutu, kisha tano kwa makini kwenye karatasi kwa mita 30, ukiwa umekaa kama utakavyokaa porini, si mezani. Zote tano zikikaa ndani ya duara la sentimita 2.5, sogea mbali. Zinapoanza kutoka, hapo ndipo mpaka wako, bunduki ingekuwa na juli 20 au 60. Ubongo wa sungura ni shabaha ndogo, na aliyejeruhiwa hujificha shimoni akafie huko. Upepo wa pembeni ukivuma, punguza umbali.

Nyuma ya windo pawe na udongo au kilima, maana risasi iliyokosa husafiri mamia ya mita. Osha mikono kabla ya kula, na kata nyama yote inayozunguka tundu, kwani madini ya risasi ni sumu.

Sheria nazo hazifanani. Ujerumani kikomo cha bunduki isiyo na kibali ni juli 7.5, Uingereza inayozidi juli 16 hivi huhitaji cheti cha silaha. Mnunuzi aulize polisi wa nchi yake kabla ya kulipa, aulize na kuhusu kipunguza sauti, na kuhusu wanyama anaoruhusiwa kuwapiga.

Ombi langu kwenu, Mhariri: mkiandika tena kuhusu bunduki hizi, tajeni juli pamoja na uzito wa risasi iliyopimiwa, na mwendo wa kwenye kasha muuache kwenye kasha.

Wenu,
Fundi wa bunduki za upepo