Jenerali Musuguri ameondoka, vita vyake viandikwe: barua ya wazi kwa Waziri wa Ulinzi

Mheshimiwa Waziri wa Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa,
Dodoma.

YAH: KUMBUKUMBU ZA VITA VYA KAGERA NA MAISHA YA JENERALI DAVID MUSUGURI

Mheshimiwa, husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu wa Historia katika shule ya sekondari wilayani Missenyi. Jambo langu ni la darasani, na pengine utajiuliza kwa nini sikumwandikia Waziri wa Elimu. Ni kwa sababu ninachokitafuta hakimo kwenye mihtasari yake. Kimo kwenye majalada ya jeshi na kwenye vichwa vya wazee waliopigana, na hayo yote yako chini ya wizara yako.

Jenerali Musuguri, aliyeliongoza jeshi letu katika vita dhidi ya Idi Amin wa Uganda, alifariki mwishoni mwa Oktoba 2024 akiwa na umri wa miaka 104. Magazeti yaliandika, redio zikasema, viongozi wakatoa rambirambi, kisha mambo yakaendelea. Wiki ile wanafunzi wangu wa kidato cha tatu waliniuliza huyu mzee alikuwa nani. Nilikwenda maktaba ya shule. Hakuna kitabu hata kimoja kinachosimulia maisha yake, na Vita vya Kagera vyenyewe vimepewa aya chache katika vitabu tulivyonavyo. Sisi tunaishi palipopigwa, Mheshimiwa. Daraja la Kyaka tunalivuka tukienda Bukoba.

Niruhusu basi nieleze kwa kifupi ninachowafundisha, ili uone pengo liko wapi.

David Musuguri alizaliwa Butiama tarehe 4 Januari 1920, miaka miwili kabla ya Mwalimu Nyerere, katika kijiji hicho hicho. Mwaka 1942 alijiunga na KAR (King's African Rifles), jeshi la mkoloni, akapelekwa Madagascar ambako Waingereza walikuwa wakiwang'oa Wafaransa wa serikali ya Vichy, iliyoshirikiana na Wajerumani. Kijana wa Kizanaki avuke bahari kwenda kuamua ugomvi wa Wazungu kwa Wazungu! Wengi wa kizazi chake walirudi nyumbani vita vilipokwisha. Yeye alibaki jeshini, akapanda vyeo vya chini kimoja kimoja, akawa sajenti, akawa mkufunzi, katika jeshi ambalo uofisa ulikuwa wa Wazungu. Idi Amin naye aliingia KAR mwaka 1946 na kupanda ngazi hizo hizo. Wanafunzi hapa huwa wananyamaza kidogo, wakitambua kwamba watu hawa wawili walilelewa na jeshi moja.

Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi, jeshi lile likavunjwa, na Septemba mwaka huo ikazaliwa JWTZ. Mkuu wake wa kwanza, Mrisho Sarakikya, alikuwa kijana wa miaka thelathini aliyesomea Sandhurst. Musuguri alikuwa na miaka 44, hakupitia Sandhurst wala chuo cha sifa yake. Alikuwa wa kizazi cha waliojifunza uaskari kwenye gwaride na kwenye mahandaki. Nadhani hilo ndilo lililomfanya askari wa kawaida amwone kuwa mtu wao, lakini nasema "nadhani", na katika barua hii utalikuta neno hilo mahali pengi kuliko ninavyopenda.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalivuka mpaka, yakaichukua ardhi yote ya kaskazini ya mto Kagera, na Amin akatangaza kwamba hiyo sasa ni Uganda. Siku chache baadaye wakalilipua daraja la Kyaka. Hotuba ya Mwalimu ya Novemba ile, ya uwezo, sababu na nia, kila mwanafunzi anaijua. Wengine wanaiigiza hadi sauti. Baada ya hotuba ndipo giza linapoanzia. Jeshi lililokuwa na watu chini ya 40,000 lilivimba kupita 100,000 kwa kuingiza mgambo, JKT, polisi na Magereza. Nani aliwalisha watu wote hao? Walifikaje Kagera kwa mvua zile, kwa barabara zile? Wazazi wetu wanakumbuka magari ya watu binafsi, ya mashirika na mabasi kuchukuliwa kwa kazi ya vita. Hesabu kamili ya kazi hiyo bila shaka ipo, imeandikwa kwa mkono wa ofisa fulani wa ugavi, na imekaa kwenye kabati.

Awamu ya kwanza Divisheni ya 20, jeshi letu la mstari wa mbele, iliongozwa na Tumainieli Kiwelu. Vita vilipoelekea ndani ya Uganda, Musuguri akakabidhiwa. Chini yake walikuwapo makamanda wa brigedi ambao majina yao ya utani yanajulikana zaidi kuliko ya ubatizo: Silas Mayunga, "Mti Mkavu", wa Brigedi ya 206, John Walden, "Black Mamba", wa 207, Mwita Marwa, "Kambale", wa 208. Yeye mwenyewe jina lake alilipata Januari 1979, ulipotwaliwa mji wa mpakani: Jenerali Mutukula.

Hapo Mutukula sipendi kupapita haraka, ingawa wenzangu wengine hunishauri hivyo. Askari wetu walikuwa wameyaona yaliyotendwa na majeshi ya Amin huku Kagera, raia waliouawa, nyumba zilizochomwa, ng'ombe waliosombwa. Walipoingia Mutukula waliusawazisha mji kwa matingatinga, na raia waliuawa. Mwalimu alipopata taarifa alishtuka, akaagiza makamanda wahakikishe raia na mali zao haviguswi. Agizo hilo ni sehemu ya historia ya Musuguri kama ushindi ulivyo. Jinsi kamanda alivyolishusha hadi kwa askari wa mwisho, mwenye hasira na bunduki mkononi, ndiyo habari ambayo ningependa kijana anayetaka kuwa ofisa aisome. Najua wapo watakaokuambia, Mheshimiwa, kwamba majalada yakifunguliwa yatatuaibisha. Habari ya Mutukula ilikwishachapishwa tangu 1982, katika kitabu cha waandishi wawili wa Kimarekani walioshuhudia vita vile. Ipo kwa Kiingereza. Tunachokosa ni maelezo yetu wenyewe.

Masaka ulitwaliwa tarehe 24 Februari. Kisha ikaja Lukaya, na kwangu Lukaya ndiyo inayoonyesha Musuguri alikuwa kamanda wa namna gani. Barabara ya kwenda Kampala hapo inakatiza kinamasi. Huwezi kutanua jeshi kulia wala kushoto. Unapita juu ya tuta au hupiti. Muammar Gaddafi alikuwa amemletea Amin wanajeshi, vifaru na mizinga ya roketi. Jioni ya tarehe 10 Machi 1979 Walibya na Waganda waliishambulia Brigedi ya 201, iliyokuwa na mgambo wengi ambao miezi michache kabla walikuwa shambani. Roketi nyingi zilipita juu ya vichwa vyao, lakini kwa mtu ambaye hajawahi kuusikia mlio ule, hilo halikuwa faraja. Walikimbia.

Kuna makamanda ambao usiku kama huo ungewamaliza. Musuguri aliigeuza Brigedi ya 208, ya Kambale, iliyokuwa imetangulia, izunguke na kurudi ili imkate adui kutoka nyuma. Usiku huo huo 201 ikakusanywa upya. Alfajiri ya tarehe 11 zote mbili zikapiga kwa pamoja, moja kwa mbele, moja kwa nyuma, mizinga yetu ikisaidia. Walibya waliachwa kwenye kinamasi wasichokijua, na Luteni Kanali Godwin Sule, aliyewaongoza Waganda, aliuawa. Baada ya Lukaya jeshi la Amin halikusimama tena kwa namna ya kutisha. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 11 Aprili, Kampala ilikuwa mikononi mwa JWTZ na wapiganaji wa Uganda walioambatana nao, na kikosi cha Luteni Kanali Ben Msuya ndicho kilichotangulia kuingia mjini. Kutoka Mutukula hadi pale ni zaidi ya kilomita 200, na wengi walizitembea kwa miguu.

Sasa, Mheshimiwa, kila nilipoandika kuhusu usiku wa Lukaya ningetaka kujua mengine. Amri kwa 208 ilitolewaje, kwa redio au kwa mjumbe? Nani aliwakusanya wale mgambo waliokimbia, na aliwaambia nini hata wakarudi mbele saa chache baadaye? Ni swali ambalo kila mwalimu, kila meneja, kila mzazi angependa jibu lake. Aliyelijua kuliko wote alikaa Butiama miaka 36 baada ya kustaafu. Januari 2020 alitimiza miaka 100, akili bado ikiwa naye. Umbali kutoka kwake hadi Makumbusho ya Mwalimu Nyerere, ambayo yapo hapo hapo Butiama, haukuhitaji basi.

Kuhusu utumishi wake wa baadaye niseme tu kwamba mwaka 1980 alichukua nafasi ya Abdallah Twalipo kama Mkuu wa Majeshi, akiwa na miaka 60, umri ambao mtumishi wa kawaida anafungasha, na akaishika hadi 1988 alipomwachia Ernest Kiaro. Akarudi kijijini. Katika bara hili, jenerali aliyeshinda vita na kuiangusha serikali ya jirani, kisha akaenda kukaa kwake bila kuitamani Ikulu, si kitu cha kupita bila kukitaja.

Imran Kombe, aliyeiongoza Brigedi ya 201, aliuawa 1996. Walden alifariki 2002, Mayunga 2011, Musuguri 2024. Aliyekuwa askari wa miaka 20 siku ya Lukaya naye amevuka 65. Upande wa pili wa mpaka, Rais Museveni, aliyekuwa akiongoza FRONASA, kundi la wapiganaji wa Uganda, katika vita hivyo hivyo, ameandika yake zamani, na vijana wa Uganda wanayasoma. Kwa haki kabisa. Anasimulia alichokiona yeye.

Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002 inaweka miaka 30 kabla ya nyaraka za umma kufunguliwa kwa wananchi, huku ikiacha nafasi ya kuendelea kuzuia zile nyeti. Miaka 30 ya vita vyetu ilitimia 2009. Siombi ramani za maghala wala majina ya mashushushu. Naomba shajara za vikosi, taarifa za ugavi, orodha za waliofariki na mahali walipoangukia, barua za makamanda. Jeshi lina wanahistoria wake na lina maofisa wasomi. Wakae na Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa wachambue kipi kitoke na kipi kibaki. Hata kama kwa kuanzia kitatoka kitabu kimoja tu cha Divisheni ya 20, kwa Kiswahili, kitatosha kubadilisha somo hili. Somo jipya la Historia ya Tanzania na Maadili linafundishwa kwa Kiswahili, hivyo hakuna kisingizio cha lugha.

Lakini majalada yanaweza kusubiri kamati. Wazee hawawezi. Huku kwetu, na Muleba jirani na makaburi ya mashujaa Kaboya, na Karagwe, wapo waliobeba risasi, waliopika, waliozika wenzao, na wapo kina mama waliokimbia na watoto mgongoni kuvuka Kagera. Wanafunzi wangu wana simu zinazorekodi sauti na wana hamu. Mara ya kwanza tulipokwenda kwa mzee mmoja, mgambo wa zamani, alitukaribisha vizuri, akatupa chai, kisha akasema hawezi kuzungumza mambo ya jeshi bila ruhusa. Kiapo chake cha 1978 bado anakishika. Namheshimu kwa hilo.

Ombi langu la haraka, basi, ni dogo na halihitaji bajeti. Toa waraka kwa washauri wa mgambo wa wilaya zote za mkoa wa Kagera, ueleze kwamba waliopigana vita vya 1978 na 1979 wanaruhusiwa kusimulia waliyoyaona, na kwamba shule zinaweza kuyarekodi na kuhifadhi nakala kwenye ofisi ya wilaya. Mzee wetu amesema akiiona karatasi yenye mhuri, tukampelekee chai sisi safari hiyo.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu wa Historia,
Missenyi, Kagera.

Nakala: Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi, Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia, Mkuu wa Mkoa wa Kagera.