Mashabiki wa jukwaani si wadhamini wa fomu

Ndugu Mhariri,

Kila msanii anapotangaza nia ya kugombea, magazeti yetu hupiga picha ya umati na kuishia hapo. Umati ule haujazwi kwenye fomu. Fomu ya ubunge inataka wadhamini wasiopungua 25, wote wakiwa wapigakura walioandikishwa katika jimbo lile lile. Mwimbaji akiujaza Uwanja wa Jamhuri hapa Dodoma, ndani atakuwamo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma aliyejiandikisha Kahama, dereva wa lori wa Singida na binti wa Kibaigwa ambaye jimbo lake ni Kongwa. Kwa mgombea wa Dodoma Mjini, hakuna hata mmoja kati yao anayeweza kumdhamini.

Yalimkuta Youssou N'Dour wa Senegal, mwanamuziki anayejulikana dunia nzima. Alipotaka urais mwaka 2012, sheria ilidai saini 10,000. Alipeleka zaidi ya 12,000, Baraza la Katiba likakubali pungufu ya 9,000, jina lake likakatwa kabla ya kampeni. Kwetu Tanzania, mgombea urais anahitaji wadhamini 200 katika kila mkoa, mikoa isiyopungua 10, miwili kati yake iwe ya Zanzibar. Umri usiwe chini ya miaka 40. Mbunge ni 21.

Kosa la kawaida ni kutafuta wadhamini 25 kamili. Mmoja akiandika namba ya kadi vibaya, au ikaonekana amemdhamini na mgombea mwingine, hesabu imeharibika na pingamizi limepata pa kuanzia. Tafuta watu 40, shika kadi ya kila mmoja, linganisha na Daftari la Wapigakura, kisha ndipo wajaze walio safi.

Jina nalo ni mtego kwa wasanii kuliko wagombea wengine. Mbeya walimwita Sugu, lakini aliyeshinda ubunge mwaka 2010 na 2015 ni Joseph Mbilinyi. Muheza walimchagua Hamis Mwinjuma mwaka 2020, ambaye redioni ni MwanaFA. Jina la kwenye fomu, kadi ya mpigakura na kadi ya chama lisomeke sawa, herufi kwa herufi. Anayetaka jina la jukwaani litambulike kisheria ashughulikie hati ya kubadili jina mapema, si wiki ya kuchukua fomu. Na mabango yabebe majina yote mawili, maana mzee wa Chipanga hatakisia kwamba ni mtu mmoja.

Vijana wengi humtolea mfano Bobi Wine wa Uganda. Yule mwaka 2017 aliingia bungeni akiwa mgombea binafsi. Ibara ya 67 ya Katiba yetu inamtaka mbunge awe mwanachama wa chama na apendekezwe na chama hicho. Kwa hiyo kazi ya kwanza iko kwa wajumbe wa kura za maoni, watu wanaouliza ulikuwa wapi tawi lilipokuwa halina hata viti. Na hapa wasanii wetu walioshinda wanafundisha jambo: Sugu, MwanaFA na Profesa Jay aliyechukua Mikumi mwaka 2015, hakuna aliyegombea Dar es Salaam, ingawa studio na maonyesho makubwa yako huko.

Kampeni zenyewe hufungwa saa 12 jioni, saa ambayo mwanamuziki amezoea kuanza kupima spika. Septemba hapa kwetu ni upepo na vumbi. Anayehutubia na kuimba katika kila kijiji cha Mvumi, wiki ya pili sauti imekwisha. Aimbe wimbo mmoja, muda uliobaki aeleze maji ya kisima na bei ya alizeti. Jukwaa, jenereta na wapiga vyombo, hata wakija kwa kujitolea, wathaminiwe na kuandikwa kwenye gharama za uchaguzi, kwa sababu sheria ya mwaka 2010 inaweka ukomo.

Tunawataka wasanii bungeni, kwa kuwa wanaijua lugha ya vijana. Basi anayeota Dodoma aanze Daftari linapoboreshwa: mashabiki wake waliohama wakahamishe taarifa zao, na linapobandikwa wazi, kila kata apeleke watu wawili wakasome majina.

Wasomaji wako,
Area C, Dodoma