Barua ya Wazi kwa Mkutubi wa Bunge la Marekani Kuhusu Filamu ya Mbu ya Winsor McCay

Mheshimiwa Mkutubi,

Kwa heshima, mimi mchoraji wa katuni za magazetini naiombea nafasi katika Orodha ya Taifa ya Filamu, yaani orodha ya filamu za Marekani zinazoteuliwa ili zihifadhiwe, kazi ya mchoraji wa Marekani Winsor McCay ya mwaka 1912, filamu ya michoro iitwayo How a Mosquito Operates. Sheria inakupa mamlaka ya kuteua hadi filamu 25 kila mwaka, na kwa kuwa mapendekezo ya umma hupokelewa, natoa langu hadharani ili wapenzi wengine wa fani hii waliunge mkono.

Filamu hii ilitokana na Dream of the Rarebit Fiend, katuni ambayo McCay alianza kuichora mwaka 1904 katika gazeti la New York Evening Telegram, ambamo mhusika hula jibini iliyoyeyushwa juu ya mkate, akaandamwa na jinamizi usingizini, kisha akazinduka katika picha ya mwisho. Filamu ya Edwin S. Porter ya mwaka 1906, iliyotokana na katuni hiyohiyo, iliorodheshwa mwaka 2015, na Little Nemo ya McCay mwenyewe, ya mwaka 1911, iliorodheshwa mwaka 2009. Zote mbili zilistahili. Hata hivyo, Porter alitumia waigizaji na ujanja wa kamera, kwa hiyo mkono wa McCay hauonekani humo. Na katika Little Nemo wahusika hurefuka, hufupika na kugeuka kwa ustadi wa ajabu, lakini hawana kisa wanachokipitia.

Katika filamu ya mbu kisa kipo. Mbu mwenye kofia na mkoba anaingia chumbani mwa mtu aliyelala, anamdunga, anafukuzwa, anarudi, ananoa mdomo wake kwa kinoo, kisha anaendelea kufyonza hata tumbo linapomzidi uzito, mpaka anapasuka. Mchoraji yeyote anajua ilivyo vigumu kuonyesha uzito kwa mistari mitupu. McCay aliuonyesha kwa maelfu ya michoro ya mkono, tena akampa mdudu huyo tabia: ana uchu, ana majivuno, na huwageukia watazamaji akawapungia kofia. Hayo aliyafanya miaka miwili kabla ya Gertie, dinosaria wake aliyeorodheshwa tangu mwaka 1991, na kwa maoni yangu Gertie hawezi kueleweka vema bila mbu huyu.

Filamu za zama hizo zilichapishwa kwenye ukanda wa naitreti, ambao huoza na kushika moto upesi, na sehemu kubwa ya michoro ya McCay imekwisha kupotea. Kuorodheshwa kwa filamu huilekeza maktaba yako kutafuta nakala iliyo bora kuliko zote zilizosalia. Naomba basi jina lake lipelekwe mbele ya bodi inayokushauri, lijadiliwe katika uteuzi ujao.

Wako mtiifu,
Mchoraji wa katuni